Muhula Niliomwogesha Baba Mkwe

Siku niliyostaafu nikarudisha funguo za kabati la dawa, manesi vijana wa wadi ya wanaume walinipikia chai yenye maziwa mengi, wakaniomba niseme machache. Nikasema machache. Baadaye mmoja akanifuata mpaka getini akaniambia hayakuwatosha, afadhali niandike. Sasa naandika, na kwa kuwa karatasi haipigi miayo kama mtu, nitasema mengi.

Vyeo sitavitaja. Mshahara pia sitautaja, kwa sababu wanaoulipa wanaweza kusoma hapa wakaona aibu. Anayetaka kujua kama kazi hii ilinifaa apite nyumbani kwangu aone nyumba ya mawe, aone chai niliyopanda na watoto wanaovaa viatu, kisha akumbuke kwamba mimi masomo niliyaachia darasa la nne. Kuna watu wakipanda ngazi hushikwa mkono. Mimi hata ngazi yenyewe niliitengeneza mwenyewe, na misumari niliitafuta.

Nitaandika juu ya muhula wa kwanza tu wa shule ya uuguzi. Wengi walioanguka walianguka hapo. Mkishapita hapo, mengine ni kuzoea.

Mimi ni mtu wa Tabaka. Baba yangu alichimba lile jiwe letu laini na kulichonga, na nilipofika darasa la nne alihitaji mikono zaidi kuliko alivyohitaji mtoto anayesoma. Nikachonga mabakuli na viboko wadogo mpaka vumbi likanichosha kifua. Miaka michache kabla ya Uhuru niliondoka, nikapata kazi ya kufagia katika hospitali moja ya misheni upande wetu wa Kisii. Jina lake naliacha. Wanaoijua wanaijua, na wasioijua hawataugua kwa kutoijua.

Nilifagia wadi ya wanaume vizuri kuliko mtu yeyote aliyepata kuifagia. Lakini kazi yangu haikuishia hapo. Siku hizo wanafunzi wa uuguzi walikuwa wasichana karibu wote, na sisi Wagusii tuna kitu tunakiita chinsoni. Ni ile aibu ya heshima iliyowekwa kati ya mtu na kizazi cha wazazi wake, na inazidi ukali kati ya mtu na wakwe zake. Baba hauoni uchi wa mwanawe mkubwa, wala mwana wa baba. Kati ya babu na mjukuu hakuna aibu hiyo. Hao hutaniana watakavyo. Sasa mzee wetu huvumilia sindano, huvumilia kisu, huvumilia hata uji wa hospitali, lakini msichana wa umri wa binti yake akigusa blanketi lake na beseni mkononi, mzee huyo ataondoka hata kama ana mguu mmoja. Basi kila asubuhi nilisikia, "Mokaya, njoo." Mimi nilikuwa mwanamume, na nilikuwa mtu wa mbali asiye wa ukoo wao. Nilikuwa naegemeza ufagio ukutani, nanawa mikono, nawaogesha wazee wa watu.

Baada ya Uhuru nilienda kwa Matroni. Alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha.

"Mama," nikamwambia, "mimi nafanya kazi mbili. Ufagio ni wangu. Kuogesha wazee ni kwa manesi."

"Wewe hapana taka saidia wagonjwa?"

"Nataka. Nifundishwe, nisaidie nikiwa najua."

"Wewe soma mpaka wapi?"

"La nne."

"Shule yetu taka la saba."

"Basi kesho wazee waoshwe na la saba."

Kesho yake nilifagia tu. Niliitwa mara nyingi, nikajibu mara nyingi kwamba nina ufagio. Wazee wakakaa bila kuoga. Wadi ya wanaume katika msimu wa joto ina njia yake ya kuzungumza na wakubwa, na kabla ya juma kwisha niliitwa ofisini kwa Sista Tabitha.

Sista Tabitha ndiye aliyekuwa mwalimu wa shule ile. Alikuwa Mtaita, mwembamba, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi kama kofia yake. Alinipa kitabu cha Kiingereza nisome. Nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno moja, nasimama, natafuta pengine pa kukanyaga.

"Umeelewa nini, bwana?"

"Kuna mtu anaumwa, na anayemhudumia anatakiwa anawe mikono."

"Na hayo maneno mengine yote?"

"Hayo yatakuja. Haya mawili yalikuwa na haraka."

Hakucheka, ila alitazama dirishani kitambo. Kisha akaniambia sharti lake. Nitaingia kwa majaribio ya muhula mmoja. Nikianguka mtihani wowote, wa kuandika au wa mikono, nitaondoka. "Na usifikiri utarudi kwenye ufagio," akasema. "Ufagio tumeshampa mtu mwingine."

Nilikwenda nyumbani kumwambia mke wangu, Bosibori. Tulikuwa na watoto wawili na wa tatu alikuwa njiani. Ufagio ule ndio uliokuwa unga wetu, chumvi yetu na mafuta ya taa yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ukianguka?" Nikamwambia mimi siangukagi. Akasema hilo alilijua, anauliza tu nikianguka.

Darasani kulikuwa na Wajaluo, Wakuria, Wakipsigis na sisi, kwa hiyo nje tulisema Kiswahili na ndani tukafundishwa kwa Kiingereza. Wote walinipita kwa cheti na mimi niliwapita wote kwa ndevu. Siku ya kwanza niliketi mbele, nikiwa nimevaa aproni mpya. Msichana mmoja akaja akasimama mbele yangu.

"Mzee, wazazi wanaosindikiza watoto wanangojea nje."

"Mimi ni mwanafunzi."

"Haya, na mimi ni Matroni. Sogea niketi."

Huyo alikuwa Kemunto, mtu wa Kebirigo, ulimi kama wembe. Tangu siku hiyo tuliketi pamoja, na nasema bila kuona haya kwamba bila yeye Kiingereza kile kingenimaliza. Yeye naye, bila mimi, mifupa ingemmaliza.

Mifupa ilikuwa hivi. Tulipewa picha ya mifupa ya mkono, yale mawe madogo ya kifundo yaliyopangwa kama mahindi kwenye gunzi, kila moja na jina lake gumu. Wenzangu walikariri kwa kuimba. Mimi sikuweza; jina likiingia lingine linatoka. Basi Jumapili nilienda kwetu Tabaka, nikarudi na kipande cha jiwe na kisu. Kemunto akawa anasoma jina, mimi nachonga mfupa wenyewe. Mkono wangu ukishakijua kitu, kichwa hufuata nyuma kama ng'ombe. Tulimaliza mkono, tukashuka mguu, tukamaliza uti wa mgongo wote, pingili moja moja, nikazitunga kwenye kamba. Sista Tabitha alipouona uti ule aliuchukua akautundika darasani. Sikuwa nimeutoa. Lakini sikuudai pia, maana kitu chako kikitundikwa na mwalimu, heshima unabaki nayo.

Mengine ya muhula ule niyataje upesi. Tulipopelekwa kuona kidonda cha kwanza kikifunguliwa, wawili walianguka sakafuni na mmoja akakumbuka ameacha kitabu bwenini. Mimi nilisimama. Damu niliizoea ikiwa sakafuni; kuiona ikiwa bado ndani ya mwenyewe nilihesabu kuwa maendeleo. Nilivunja kipimajoto kimoja na sikuvunja cha pili. Nilijifunza kupima joto la maji kwa kiwiko, kwa sababu viganja vya mtu wa mawe havijui moto. Nilijifunza kukunja pembe za shuka mpaka zinakaa kama bahasha. Nilijifunza kwamba mdomo wa foronya lazima uupe mlango mgongo, ili mgeni akiingia asione matambara. Mpaka leo Bosibori hutandika foronya zikitazama mlango, makusudi.

Mitihani ya kuandika nilipita. Sikupita kwa kishindo, nilipita. Ukabaki wa mikono, na wa mikono ulikuwa kumwogesha mgonjwa kitandani, kuanzia maji mpaka shuka safi, mbele ya Sista Tabitha na Matroni. Nilijicheka moyoni. Katika darasa lile zima, nani aliyekuwa ameogesha watu wengi kuliko mimi? Nilikuwa kama samaki anayepewa mtihani wa kuogelea.

Ndipo baba mkwe wangu akavunjika paja.

Aliitwa Mzee Onchari. Boma lake liko mlimani, mbele ya Kebirigo kidogo, na alikuwa na pareto na migomba na maneno. Alikuwa amepanda juu ya ghala lake kuezeka, akateleza. Shemeji zangu wakamleta kwa gari la ndizi mpaka hospitalini kwetu, akalazwa wadi ya wanaume, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito ili mfupa uvutike. Mtu wa namna hiyo hulala chali majuma na majuma.

Lazima niseme kwamba Mzee Onchari hakunipenda. Sokoni Kebirigo alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake ameolewa na ndoo. Mimi nilimheshimu inavyotakiwa, yaani kwa mbali. Mkwe mwema huuliza hali akiwa nje. Nilituma maziwa kwa mkono wa Kemunto, na nikawa nazunguka nyuma ya jengo, kwa wapishi, nisipite kwenye mlango wa wadi ile. Kemunto aliingia bila shida, kwa sababu babu yake na Mzee Onchari walitahiriwa msimu mmoja. Kwake yeye huyo alikuwa babu wa kutaniana.

"Babu anasema maziwa yako yalikuwa na maji," akaniambia siku moja.

"Ameyaacha?"

"Amekunywa yote, ameuliza kama kuna mengine."

Lakini alinipa habari nyingine ambayo haikuwa ya utani. Mzee hakubali kuogeshwa. Wanafunzi wa kike anawafukuza kwa fimbo, hata yeye Kemunto akishika beseni, na dresa, yule mwanamume wa kufunga vidonda aliyewaogesha wazee tangu niingie shule, alikuwa ameenda kwao kuzika. Uso ananawa mwenyewe. Mgongo hakuna aliyeugusa tangu alazwe. "Kuna harufu," Kemunto akasema. "Si ya jasho."

Asubuhi ya mtihani Sista Tabitha alisimama mlangoni mwa wadi akigawa vitanda. Huyu kile, yule hiki. Kisha akasema, "Mokaya, kitanda cha dirishani." Wale wa kwetu waliojua wakainama kama watu waliodondosha sindano.

Nikamfuata pembeni. "Sista, naomba kitanda kingine."

"Kwa sababu gani?"

"Yule ni baba wa mke wangu."

"Vyema. Basi utamwosha kwa upendo."

"Kwetu haiwezekani. Mimi hata kusimama mbele ya kitanda chake ni makosa, sembuse kufunua blanketi."

"Bwana Mokaya, hata Taita tuna wakwe. Ugonjwa hauna mkwe. Nikikubadilishia wewe leo, kesho nani atataka kubadilishiwa? Anayekataa mgonjwa namwandika ameanguka. Unakataa?"

Nimefikiri sana juu ya maneno yale, na naona alikuwa na haki. Mimi pia nilikuwa na haki. Ubaya wake ulikuwa hapo. Nikikataa, nimepoteza shule, na ufagio una mwenyewe. Nikikubali, nitakuwa mtu aliyemvua nguo baba mkwe wake, na jambo hilo kwetu halifutiki kwa sabuni. Watoto wangu wangetajiwa hilo hata wakiwa na wajukuu. Nikasema, "Sikatai." Mdomo ulisema kabla sijaupa ruhusa.

Mgonjwa wa mguu ulioning'inizwa hashughulikiwi na mtu mmoja, kwa hiyo niliruhusiwa msaidizi. Nikamchagua Kemunto, ambaye mtihani wake ulikuwa umekwisha. Skrini zikavutwa kukizunguka kitanda. Nikasimama nje ya skrini na meza yangu ya magurudumu, beseni mbili, vitambaa viwili, taulo, blanketi la kuogea, na maji yaliyokuwa yakipoa. Sista na Matroni walikuwa nyuma yangu. Nikamwambia Kemunto atangulie.

"Mume wangu, umeamkaje?" nikamsikia akisema kule ndani, kwa Ekegusii.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja na maji ya moto."

"Maji hayana miguu."

"Yameletwa na wa hospitali."

"Huyo wa hospitali, kikohozi chake nakijua. Mwambie aondoke."

"Babu, akiondoka amefukuzwa. Ni mtihani."

"Afukuzwe, arudi kwenye ndoo yake."

"Ndoo ana mtu mwingine sasa. Huyu atarudi nyumbani, halafu binti yako atarudi kwako, yeye na watoto, na aliye tumboni. Utawaweka wapi? Ghala ndiyo hiyo imekuangusha."

Kemunto akashusha sauti, lakini skrini ni kitambaa tu. "Tena unanuka, mume wangu. Mimi nakutania siku zote, leo sitanii."

Sista Tabitha akatazama saa yake ya kifuani. Kisha mzee akasema, "Mimi nitatazama dirishani. Yeye atatazama ukutani. Na asinisemeshe."

Nikaingia. Sikumsalimu. Nilitandaza blanketi la kuogea juu yake nikiwa nimeutazama ukuta, nikavuta shuka kwa chini yake kama nilivyofundishwa, na sehemu hiyo nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kuifanya vizuri bila macho. Kitambaa cha uso nikampa Kemunto, Kemunto akampa mzee, mzee akanawa mwenyewe.

"Mwambie atoe mkono wa kulia," nikasema.

"Babu, toa mkono wa kulia."

Mzee alinisikia, nilikuwa hapo hapo. Lakini hakuutoa mpaka alipoambiwa na Kemunto.

"Kwa nini husemi na mgonjwa?" Sista akauliza.

"Nasema naye, Sista. Maneno yanazunguka kidogo."

Akaandika kitu. Niliendelea. Mkono, kwapa, kifua, vyote chini ya blanketi, kwa kupapasa. Nikabadilisha maji. Mguu mzima, kisha mguu mgonjwa, taratibu, nisitikise kamba. Ilipofika ile sehemu ambayo mtu haitaji, kitabu chetu kilisema mgonjwa anayejiweza apewe kitambaa amalize mwenyewe, na muuguzi ageuke. Siku hiyo niliamini kwamba aliyeandika kitabu kile alikuwa na wakwe.

Ukabaki mgongo. Juu ya kitanda kulikuwa na chuma cha kushika. Mgonjwa akijivuta nacho, kiuno huinuka kidogo. Kemunto akamwambia ajivute, akajivuta. Nikapitisha kitambaa mabegani, nikashuka. Karibu na mwisho wa uti wa mgongo, mkono wangu ukasimama. Palikuwa na joto, na unyevu, na ngozi ikateleza chini ya kidole kama ganda la ndizi iliyoiva mno.

"Mgongo ukoje?" Sista akauliza. Hilo lilikuwa swali la mtihani. Kila mwanafunzi aliulizwa.

Ningesema mzuri, mtihani ungekwisha. Mzee angekaa na siri yake, mimi na heshima yangu, na sote tungetoka pale tukiwa safi. Ila nilikuwa nimefagia wadi ile miaka, na nilijua vidonda vya namna hiyo vinamfikisha wapi mtu anayelala chali. Niliwahi kuosha sakafu baada yao.

"Kuna mahali pana joto na majimaji," nikasema. "Sijapaona."

"Paone."

Nikamgeukia Kemunto. "Mwambie lazima nitazame."

Safari hii hakuongeza la kwake. "Babu, anasema lazima atazame."

Mzee hakukiacha chuma kile. Alikuwa bado anatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila kamba ya nguo za wadi. Nilidhani atasema niondoke. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitamwambiaje Bosibori.

"Mwambie hivi," akasema. "Mkwe wangu yuko kwake Tabaka, analisha wajukuu wangu. Huyu aliye nyuma yangu ni wa hospitali. Wa hospitali atazame."

Nikatazama.

Kidonda kilikuwa na upana wa kitako cha kikombe, kingo nyeupe, katikati panaanza weusi. Nikakieleza kwa Sista kama tulivyofundishwa: kiko wapi, kina ukubwa gani, rangi, harufu, ngozi ya kando. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, na hilo najivunia kuliko nyumba ya mawe. Sista akaja upande wangu, akakiona, akaacha kuandika. Akaagiza maji ya chumvi na vitambaa vilivyochemshwa, nikasafisha, nikafunga, nikatandika shuka safi, foronya ikaupa mlango mgongo.

Nikafikiri tumemaliza. Lakini Matroni alikuwa na desturi yake ya kumuuliza mgonjwa mwishoni, na jibu la mgonjwa lilikuwa na alama.

"Mzee," akasema, "huyu osha wewe vizuri?"

Kemunto akamtafsiria, polepole, na nikaona naye ameliona shimo lilipo. Mzee akikubali, amesema mbele ya wadi nzima, skrini ni kitambaa, kwamba mkwe wake amemwogesha. Akikana, mimi sijafanya kazi.

"Mwambie mama huyu," akasema Mzee Onchari, "kwamba mkwe wangu sijamwona hapa. Asije akaandika kwamba nimemwona."

Kemunto akatafsiri. Matroni akamtazama Sista, Sista akanitazama mimi.

"Lakini huyu wa hospitali," mzee akaendelea, "awe anakuja kila asubuhi. Hao wengine wana mikono baridi."

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Wa kwanza alikuwa Kemunto. Mimi Sista alinikata alama kwa kutosema na mgonjwa, akanirudishia nyingine kwa ajili ya mgongo, na hesabu ilipokwisha nilikuwa karibu na mlango, lakini ndani. Nilivikwa mkanda wa muuguzi mwanafunzi, na sikuvuliwa mpaka nilipopata mwingine mkubwa zaidi.

Tangu muhula uliofuata, Sista Tabitha hakugawa kitanda kabla ya kumuuliza mwanafunzi, "Huyu ni nani wako?" Alikuwa mtu wa kujifunza, ingawa hakuwahi kusema kwamba amejifunza. Nanyi mnaobaki, ulizeni hivyo hivyo. Mkikuta hakuna mwingine wa kuifanya kazi, tafuteni mtu wa kati, kila mtu ana mjukuu mahali fulani. Ila mgongo mtazame.

Kidonda cha mzee kilifunga kabla ya mfupa. Kila asubuhi nilimwogesha, yeye dirishani, mimi ukutani, Kemunto katikati akitutukana sote wawili. Alipopata magongo na kurudi kwake, alituma neno kwamba nipeleke mbuzi. Nilipeleka. Wazee wakakaa, mbuzi akaliwa, na hakuna aliyesema ni wa nini, ingawa kwetu lisilofutika kwa sabuni hutafutiwa mbuzi. Sokoni Kebirigo, nimeambiwa, habari za ndoo hazikusikika tena.

Jumamosi ile, kesho yake matokeo yalipobandikwa, nilifika nyumbani nikamkuta Bosibori ameketi mlangoni akimenya ndizi za kupika. Akauona mkanda. Akasogeza sufuria nipate pa kupita.

"Umebaki?"

"Nimebaki. Nilikuambia."

Akamenya nyingine. "Na baba? Umemwona?"

"Sijamwona."

"Hata kidogo?"

"Wadi ile ni kubwa."

Alikata ile ndizi vipande, akaviacha vikaangukia majini kimoja kimoja.

"Na mgongo wake? Kaka zangu walisema kuna harufu."

"Utapona."

Akafuta kisu kwenye kanga, akakiweka chini. "Ukimwona aliyemwogesha," akasema, "mwambie namshukuru."

Nikamwambia nitamfikishia.